Mbia Aliyetangulia

Sehemu ya Kumi na Moja

Tulipoachana wiki iliyopita, mlango wa ofisi ya Mama Mabasi ulikuwa umefungwa kwa ndani, na aliyeufunga hakuwa yeye.

Aliyeufunga alikuwa mwanamume mwembamba, koti kubwa kuliko mabega, ambaye asubuhi hiyo alipanga foleni na wanunuzi wa tiketi kama abiria yeyote. Alipofika dirishani alimwambia dada wa tiketi kwamba hataki tiketi. Anataka dakika mbili na mwenye kampuni kuhusu mzigo wake uliopotea. Miaka thelathini ya kusafirisha watu ilikuwa imemfundisha Mama Mabasi kwamba mwenye mzigo uliopotea asikilizwe mapema, kabla hajaanza kutukana. Akasema aletwe. Mgeni akaingia, akasalimia kwa adabu, akageuza ufunguo, akautia mfukoni.

Mama Mabasi hakupiga kelele. Mwanamke aliyeachiwa na marehemu mumewe mabasi matatu yanayokohoa, akayafikisha arobaini yanayong'ara, hatishwi na kitasa. Aliinuka taratibu, akaegemeza ngumi mbili mezani, akamtazama yule mtu kama anavyowatazama madereva wanaorudi na kioo kilichopasuka.

"Sema shida yako, kaka, halafu unirudishie ufunguo wangu."

"Sina ubaya, dada yangu. Ila Kapteni yuko hapo chini anapiga picha na waandishi. Akiniona, sitapata nafasi ya kumaliza."

Kama unaanza nasi leo, habari yenyewe si ndefu. Zilibaki siku tatu shirika jipya la ndege la bei nafuu lianze kubeba abiria. Lilikuwa shirika la ubia. Kapteni, mgeni kutoka nje, alileta ndege mbili, marubani, na ulimi wa asali. Mama Mabasi alileta vituo vyake vya mabasi vya kuuzia tiketi, wateja wake, na jina ambalo watu waliliamini kuliko saa ya ukutani. Ndege zikapakwa rangi ya njano, ubavuni zikaandikwa "Anga ni ya Wote". Ndani viti vilibanwa mpaka magoti yakasalimiana. Maji utanunua, begi utalipia, na ukitaka kiti cha kulaza, kalale kwenu. Lakini tiketi yenyewe ilikuwa nauli ya basi na kidogo juu yake, na foleni ilianza alfajiri.

Kapteni alivaa kofia ya urubani asubuhi mpaka jioni, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akirusha hata tiara.

Tena kulikuwa na binti. Kitinda mimba wa Mama Mabasi alisomea urubani, akafaulu, kisha akakaa nyumbani miaka minne akipiga pasi shati jeupe ambalo hakuna aliyemwita akalivae kazini. Kapteni alimwajiri siku ileile ubia ulipotiwa saini. Watu walisema mama yule kaingia kwenye ndege kwa tamaa, mabasi hayamtoshi. Aliingia kwa ajili ya lile shati.

Turudi ofisini.

Mgeni alitoa picha kwenye koti na kuiweka juu ya meza. Ilionyesha ndege ya kijani, imefungwa utepe puani, na watu wawili wameshika mkasi mmoja. Mmoja alikuwa Kapteni, na kofia yake, na yale meno yake yanayotangulia mwili kuingia chumbani. Mwingine alikuwa bwana mnene, mashavu yamejaa, suti inambana kwa furaha. Nyuma yao, kwenye ubavu wa ndege, maandishi makubwa yalisomeka: "Anga ni ya Wote".

Mama Mabasi aliyasoma mara mbili. Kapteni alikuwa ameapa mbele yake kwamba maneno hayo aliyaota usingizini, kwa ajili ya kampuni yao wawili.

"Huyu mnene ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi," akasema mtu yule mwembamba.

Mama Mabasi alitazama picha, akamtazama mtu, akarudi tena kwenye picha. Macho yalikuwa yaleyale. Vingine vyote vilikuwa vimeliwa.

Basi mgeni akaeleza, kwa sauti ya chini, bila kupoteza neno, kama mtu aliyerudia hotuba yake kwa miaka. Zamani alikuwa na malori ya kubebea bidhaa za baridi, katika nchi nyingine. Hakuwa tajiri wa kutisha, ila alikuwa na jina. Kapteni akaja. Wakaingia ubia. Serikali ilitaka shirika liwe na mtu mmoja wa kuwajibika kwa kila kitu, na Kapteni akasisitiza heshima hiyo impate mwenyeji. Yeye akafurahi, akatia saini.

Mwezi wa kumi na moja tangu waanze kuruka, injini ya kushoto ilizimika angani. Rubani alikuwa ameilalamikia mara tatu kwenye kitabu cha ndege, na kurasa zote tatu hazikuonekana tena. Ndege iliangukia bwawani. Walikufa marubani wote wawili na abiria tisa. Kapteni wiki hiyo alikuwa ng'ambo. Alirudi kutoa ushahidi, akalia kizimbani mpaka hakimu akamwagizia maji.

"Mimi nilikaa ndani miaka minne," mgeni akasema. "Mke wangu hakunisubiri mpaka mwisho. Alizikwa nikiwa huko."

Mama Mabasi alikaa.

Aliuliza kwa nini amwamini. Ajali hutokea, hata yeye amezika dereva. Mgeni akasema asimwamini. Akasema bawa moja la ndege ile lilikatika na mkia ukaungua, lakini injini ya kushoto ilitolewa bwawani nzima, ikauzwa kama chuma chakavu, na imemchukua miaka miwili kujua kwamba aliyeinunua ni Kapteni, na kwamba sasa iko upande uleule kwenye ndege ya kwanza ya njano. Kisha akataja namba ya injini, tarakimu nane, bila kutazama karatasi yoyote.

"Mwendesha mashtaka aliisoma kila siku kwa wiki saba," akasema. "Ninaisikia hata nikioga. Nenda kaisome mwenyewe, dada. Ikiwa si hiyo, mimi ni kichaa, nifukuze. Ikiwa ndiyo, usitie saini yako popote. Kapteni hatafuti mwenye mali. Anatafuta mwenye jina."

Akautoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya picha.

Ndani ya mtoto wa meza ya Mama Mabasi kulikuwa na karatasi iliyoletwa jana yake. Ilisema kwamba yeye, Msimamizi Mwajibikaji wa shirika, amejiridhisha kuwa ndege ya kwanza ni nzima na iko tayari kwa safari ya majaribio: itaruka bila abiria, na mkaguzi wa mamlaka ya anga ndani yake. Mkaguzi akiridhika, leseni inatoka. Safari hiyo ilipangwa leo, saa sita mchana. Kapteni alitaka saini palepale jana. Mama Mabasi akamjibu kwamba yeye hasaini karatasi ambayo haijalala kwake usiku mmoja.

Akaichukua ile karatasi, ikiwa tupu chini kama ilivyokuja, akaitia kwenye mkoba. Akaiandika namba ya injini kwenye kiganja kwa kalamu ya wino. Akamwambia mgeni akae humohumo, afunge kwa ndani, asimfungulie mtu mpaka asikie sauti yake. Akashukia ngazi ya nyuma, na njiani akamwonya dada wa tiketi kwamba ofisini kwake asipande mtu.

Saa nne na nusu alikuwa uwanjani, mbele ya banda la ndege.

Banda lilikuwa na harufu ya rangi mbichi. Ndege ya njano ilisimama katikati, imeng'arishwa kama bibi harusi, na chini ya bawa la kushoto alikuwepo fundi mkuu, mtu wa maneno machache ambaye wenzake walimwita Kimya. Mama Mabasi alimpenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu kucha zake zilikuwa chafu. Fundi mwenye kucha safi humwogopesha.

Alimwambia afungue kifuniko cha injini ya kushoto.

"Mama, hii ni ndege, si basi," Kimya akasema kwa upole.

"Injini ni injini. Zote zina cheti cha kuzaliwa. Nataka kusoma cha hii."

Fundi alifuta mikono kwenye kitambaa kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Kwa nini ya kushoto?"

"Na wewe kwa nini unauliza kwa nini?"

Kimya aliangalia mlango wa banda, akaangalia ngazi iliyokuwa ukutani, akaenda kuileta. Akapanda, akafungua vishikizo kimoja kimoja, akainua kifuniko. Mama Mabasi akavua viatu, akapanda nyuma yake na miaka yake hamsini na minane, mkoba begani.

Kibao cha namba kilikuwa pale, kidogo, cha chuma, kimebanwa kwa misumari minne mifupi. Alikunjua kiganja akalinganisha.

Haikuwa ile.

Si tarakimu moja wala mbili. Namba nzima ilikuwa nyingine kabisa, na ndiyo iliyoandikwa kwenye hati zote alizowahi kuonyeshwa. Alishusha pumzi iliyokuwa imekaa kifuani tangu ofisini. Akataka hata kucheka. Kichaa mmoja na picha yake ya zamani walikuwa karibu wamkoseshe binti yake kazi, na yeye mwenyewe usingizi wa mwaka mzima.

Alikuwa ameshaanza kushuka mguu mmoja alipoitazama tena ile misumari.

Kibao kilikuwa kikuukuu, kimekwaruzwa, kimepauka. Misumari iling'aa kama sarafu mpya.

Hakuna anayenunua mabasi ya mitumba miaka thelathini asiyejua mchezo huo. Gari la wizi huvalishwa kibao cha gari lililokufa, na mwizi mvivu husahau kuzeesha misumari. Mama Mabasi alikuwa ameukamata mchezo huo mara nne maishani, mara moja ukifanywa na shemeji yake mwenyewe.

Akapanda tena. Akamwambia Kimya, bila kupandisha sauti, kwamba kibao hicho kimehamishiwa hapo, na kwamba chuma kikubwa namna hii hakikosi namba nyingine iliyogongwa mahali pasipobanduliwa.

Kimya alichukua kitambaa chake, akakilowesha mafuta, akaingiza mkono hadi kiwiko nyuma ya mabomba, akasugua. Kisha akawasha tochi na kusogea pembeni, ampishe.

Tarakimu nane. Mama Mabasi alizisoma moja moja, kidole kiganjani, kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Ya kwanza ililingana. Ya pili. Ya tano. Ya nane.

Jasho lilikuwa limeanza kuufuta wino mkononi, lakini alikuwa ameshasoma.

"Ulijua," alimwambia fundi.

"Nilijua wiki ya pili. Nikaandika kwenye kitabu. Ukurasa ukatoka. Nikaandika tena, ukatoka tena. Vyeti vyangu vyote viko kwenye kabati la Kapteni, mama, alisema anavitunza." Akazima tochi. "Nilikuwa namsubiri mtu aniulize."

Mama Mabasi alishuka, akavaa viatu, akapiga simu ofisini. Alitaka mgeni aletwe uwanjani sasa hivi, kwa gari lake mwenyewe, na picha yake, asimame mbele ya mkaguzi aseme yote aliyomwambia yeye.

Dada wa tiketi alipokea akiwa na sauti ya mtu asiyejua kama amekosea.

Alisema yeye hakumruhusu mtu kupanda, hata mmoja. Lakini mara tu Mama alipotoka, Kapteni aliagana na waandishi, akapanda ngazi mwenyewe. Hakugonga kwa nguvu. Aliongea na mlango kwa sauti ya chini, kama dakika mbili hivi, na mlango ukafunguka. Walishuka pamoja, Kapteni akiwa amemwekea mgeni mkono begani, wakaingia kwenye gari moja.

"Mgeni alisema nini?"

"Hakusema kitu, Mama. Alikuwa anatazama chini. Ila ameacha koti lake ofisini."

Mama Mabasi alikata simu. Alijiuliza mtu wa namna gani humfungulia mlango yule aliyemfunga miaka minne. Majibu yaliyomjia yalikuwa mawili, aliyetishwa au aliyekuwa mtu wake tangu mwanzo, na hakulipenda hata moja.

Hapo trekta la kuvutia ndege likaingia bandani.

Kimya alishuka mbio, akafunga kifuniko, akaondoa ngazi. Dereva wa trekta alimwamkia Mama, akaanza kufunga chuma chake cha kuvutia kwenye gurudumu la mbele. Mama Mabasi akamsimamia mbele. Akamwambia ndege haitoki, mpaka sasa hakuna aliyesaini.

Dereva alimtazama kwa heshima na mshangao, kama mtu anayeona mama yake mzazi amesahau jina lake.

"Lakini karatasi yako imefika, Mama. Mkaguzi anayo tangu saa mbili asubuhi."

Alifungua mkoba. Karatasi yake ilikuwemo, imekunjwa vilevile, na chini yake pako tupu.

Ndege ikavutwa nje, juani. Mama Mabasi akaifuata kwa miguu kwenye ule uwanja wa zege, mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza, na fundi Kimya alibaki mlangoni mwa banda na kitambaa chake mkononi.

Ngazi ilisogezwa kwenye mlango wa ndege. Chini yake alisimama mkaguzi, bwana wa makamo mwenye miwani ya jua na faili kwapani. Rubani mkuu, aliyeletwa na Kapteni kutoka huko alikotoka, alikuwa ameshapanda na kukaa kwenye kiti chake. Na binti alikuwa anakuja kutoka upande wa pili, shati jeupe, mistari miwili begani, nywele amezibana vizuri. Alipomwona mama yake alitabasamu, kisha akaona uso wenyewe, na tabasamu likamponyoka.

Mama alimshika mkono, akamvuta pembeni ya gurudumu. Akamweleza yote kwa haraka: picha, bwawa, watu kumi na mmoja, misumari mipya, namba ya nyuma ya mabomba. Binti alisikiliza bila kumkatiza. Alikuwa amelelewa vizuri. Mama alipomaliza, binti akasema jambo ambalo mama hakulitegemea.

"Injini hufunguliwa, mama. Hukarabatiwa, hupimwa, hurudishwa kazini, dunia nzima. Wewe mwenyewe una basi lenye injini ya lori lililopinduka. Mimi nimepanda basi hilo kwenda shule."

"Hilo basi sikulibadilishia jina. Kitu kizima hakifichwi kilikotoka."

"Labda ni uvivu wa karatasi tu."

"Basi tungoje. Tungoje wiki moja, ipimwe na watu wengine. Karatasi ya kuruhusu safari hii mimi sijaisaini, mwanangu. Kuna mtu kaandika jina langu."

Binti hakuuliza ni nani.

Mama Mabasi angeweza kuvumilia jibu lolote, hata la ukali. Kilichomvunja ni ule ukimya, na namna binti alivyoanza kukitengeneza kifungo cha mkono ambacho tayari kilikuwa kimefungwa.

"Nimekuwa nikiiga saini yako tangu darasa la tano," binti akasema hatimaye, macho chini. "Kwenye ripoti za shule. Kapteni alisema umekubali kwa mdomo, umechoka tu, na mkaguzi akikosa karatasi leo tutasubiri miezi sita mingine. Mama, nimekaa miaka minne."

"Najua umekaa. Nilikuwa nakaa na wewe."

"Nikirudi tutaongea. Nitapiga magoti, utanichapa ukitaka. Ni dakika arobaini tu, kwenda na kurudi."

Rubani mkuu alimwita kutoka juu kwa mluzi mfupi. Mama akamshika kwa nguvu zaidi. Binti akavibandua vidole vya mama yake kimoja kimoja, taratibu, kama anayevua pete, akapanda ngazi bila kugeuka.

Nyuma ya Mama Mabasi gari la Kapteni lilifika na kusimama. Kutoka ofisini walikuwa wameondoka wawili. Akashuka mmoja.

Kapteni alivaa kofia yake, akaiweka sawa, akatembea kuja kwa Mama Mabasi na mkaguzi. Soli ya kiatu chake kimoja ilikuwa na tope, na mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima.

Mkaguzi alifungua faili. Alimsalimia Mama Mabasi kwa heshima zote, akampa pole ya jua, akasema kwamba hili ni jambo la utaratibu tu, kwa vile bahati nzuri mhusika mwenyewe yupo. Akamwonyesha karatasi.

"Hii saini ni yako, mama?"

Ilikuwa nzuri. Hata ule mkia wa herufi ya mwisho, anaouburuta kushoto tangu ujana wake, ulikuwa umeburutwa.

Alijua bei ya kila jibu. Akisema ni yake, injini iliyoua watu kumi na mmoja itapaa na mwanawe, na siku tatu baadaye na abiria waliopanga foleni kwa sababu ya jina lake. Akisema si yake, kugushi hati ya serikali ni jela, na aliyegushi yuko juu ya ngazi hiyo, mistari yake miwili bado haijapauka. Alitafuta njia ya tatu, kama alivyoitafuta maisha yake yote kwenye kila barabara mbovu, na safari hii hakuiona.

Akawaza kwamba mtoto aliye jela hupelekewa chakula.

"Si yangu," akasema. "Mimi sijasaini. Yangu ni hii hapa, na haina kitu. Isimamishe ndege."

Alilisema kwa sauti ya kituo cha mabasi, ambayo husikika juu ya honi kumi. Dereva wa trekta aligeuka. Fundi Kimya, kule mbali, aliinua kichwa.

Mkaguzi hakuandika chochote. Alivua miwani yake taratibu, akaifuta kwa ncha ya tai, na macho yake yakampita Mama Mabasi juu ya bega, yakaenda mpaka kwa Kapteni aliyekuwa amesimama nyuma yake. Yakakaa huko kitambo. Kisha yakarudi, yakiwa na upole mwingi.

"Upepo wa hapa ni mkali, mama. Sikusikia vizuri. Nitakuuliza mara ya pili."

Juu, mlango wa ndege ulivutwa ukafungwa. Vijana wa uwanja wakaiondoa ngazi na kuisukuma pembeni.

Mama Mabasi aliitazama ngazi ikienda, akamtazama mkaguzi, ambaye sheria ilimtaka awe ndani ya ndege hiyo kabla haijasogea hata hatua moja. Alikuwa bado amesimama chini, faili kwapani, wala hakuonekana kama mtu aliyeachwa.

Injini ya kushoto ikaanza kuzunguka.